Namna ya kupima ripoti za usiku za "jeti ya adui", 1944–1945

Ripoti hizi ni nyingi na zinafanana. Ndege ya mabomu ya Uingereza, Lancaster au Halifax yenye watu saba, inarudi usiku kutoka Ujerumani. Mpiga bunduki wa mkia anaona mwanga. Mwanga unafuata, unapita, unazimika. Alfajiri, mezani kwa afisa wa ujasusi, linaandikwa neno moja: jeti. Baadhi ya ripoti hizo zina ukweli, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa na jeti chache zilizoruka usiku. Nyingi hazina. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzipima moja moja ukiwa Tanga, kwa kompyuta au simu, daftari la mistari, na usiku mmoja wa giza pale Raskazone.

Watu walioandikisha ripoti hizi hawakuwa waongo, na mpimaji anayeanza kwa kuwadharau atapima vibaya. Walikuwa vijana waliokaa saa sita, saba au nane kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, wakivuta oksijeni kwa mpira, wakijua kwamba adui wasiyemwona ndiye angewaua. Walichoona walikiona. Kazi yetu ni kujua kilikuwa nini.

Kupata ripoti zenyewe

Nyaraka ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London. Mafungu matatu yanatosha kuanzia. AIR 27 ni daftari za skwadroni, AIR 50 ni ripoti za mapambano, na AIR 14 ni majalada ya makao makuu ya Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu za Uingereza. AIR 27 zimepigwa picha na unaweza kuzipakua. Ndani yake utakuta fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa kazi za skwadroni nzima. Fomu 541 ndiyo utakayoitumia zaidi, maana inataja kila ndege, majina ya waliomo, saa ya kupaa, saa ya kutua na maelezo mafupi. Picha ni nzito, kwa hiyo zipakue kwenye intaneti ya uhakika, kisha uchapishe steshenari kwa upande mmoja wa karatasi, ili upande wa pili ubaki wa hesabu zako.

Usifanye kazi na nukuu iliyokatwa na mtu mwingine. Mara nyingi aliyekata ameacha saa na uelekeo wa ndege, akabakiza maneno yanayosisimua tu, na bila saa na uelekeo hakuna kipimo.

Funika jina kwanza

Kila ripoti imebeba vitu viwili: kile jicho lilichopokea, na jina ambalo mtu alikipa baadaye. "Mwanga wa chungwa, nyuma kushoto, dakika mbili" ni cha kwanza. "Jeti" ni cha pili. Chukua kipande cha karatasi, funika neno jeti kila linapotokea, kisha ujaze daftari kwa kilichobaki. Chora safu kumi na moja katika kurasa mbili zinazotazamana: tarehe, saa kama ilivyoandikwa, saa hiyo ikigeuzwa GMT (saa ya Greenwich), mahali, kimo, uelekeo wa ndege, upande wa mwanga, mwanga ulikuwa juu, sawa au chini, muda ulioonekana, kilichobadilika (rangi, ukubwa, mwendo), na nani hasa aliona. Jina liandike mwisho kabisa, pembezoni, kwa penseli.

Safu tatu kati ya hizo huharibika mara kwa mara.

Tarehe. Usiku wa operesheni huandikwa kwa siku mbili, kwa mfano 13/14 Februari. Tukio la baada ya saa sita usiku ni la tarehe 14. Ukikosea hapa utatafuta mwezi na nyota katika usiku usiohusika.

Saa. Katika majira ya baridi ya 1944–45 Uingereza iliweka saa zake mbele ya GMT kwa saa moja, na Ujerumani vilevile, hivyo saa za pande mbili zilikuwa sawa. Kuanzia tarehe 2 Aprili 1945 zote zilikuwa mbele kwa saa mbili. Lakini kuna nyaraka za anga zilizoandikwa kwa GMT moja kwa moja. Linganisha saa ya kupaa iliyo kwenye Fomu 541 na saa ya jua kuzama kituoni siku hiyo. Mara nyingi hilo linatosha kukuonyesha ni saa ipi ilitumika. Pia acha 2040 ibaki 2040. Usiandike saa mbili na dakika arobaini usiku halafu uirudishe tena baadaye, maana kila ugeuzaji ni nafasi ya kukosea saa sita nzima.

Upande. Walitumia uso wa saa: namba 12 ni mbele ya pua, namba 6 ni nyuma ya mkia. Nakili namba hiyo kama inavyoonekana kwenye uso wa saa. Ukiandika "saa sita" kwa mazoea yetu, mshale unasimama kwenye 12, na ndege iliyokuwa nyuma umeihamishia mbele. Kumbuka vilevile kwamba mpiga bunduki wa mkia amekaa akitazama nyuma, kwa hiyo kushoto kwa ndege ni kulia kwake. Ripoti ikisema kushoto bila kueleza, chukulia ni kushoto kwa ndege, lakini weka alama ya kuuliza.

Jeti zilikuwa wapi, na lini

Kabla ya hesabu yoyote, tazama kalenda na ramani. Hapa ripoti nyingi huishia.

Messerschmitt Me 262 iliruka kwa nguvu za jeti peke yake kwa mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1942, lakini vitani iliingia kiangazi cha 1944. Tarehe 26 Julai 1944 ndege ya kikosi cha majaribio cha Lechfeld, kusini mwa Ujerumani, iliishambulia Mosquito, ndege nyepesi ya Uingereza ya injini mbili, iliyokuwa ikipiga picha. Hiyo ilikuwa mchana. Kikosi cha usiku kilichoongozwa na Kurt Welter kilianza mwishoni mwa 1944, baadaye kikaitwa 10./NJG 11, na kituo chake kikuu kilikuwa Burg, karibu na Magdeburg, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Berlin. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na Me 262 za kiti kimoja zisizo na rada. Rubani alisubiri taa za msako zikamate ndege ndipo ashambulie, na windo lake hasa lilikuwa Mosquito zilizokuwa zikiipiga Berlin. Zile za viti viwili zenye rada zilifika 1945 zikiwa chache mno. Burg ililipuliwa tarehe 10 Aprili 1945, na waliobaki wakahamia kaskazini, karibu na Lübeck, wakitumia barabara kuu kama uwanja. Arado Ar 234 nazo zilijaribiwa kwa usiku, chache sana, na hakuna ushindi wao uliothibitishwa.

Me 163 Komet iondoe karibu kila mara. Ilikuwa ya roketi, mafuta yake yaliisha kwa dakika saba au nane za nguvu kamili, kisha ilirudi ikielea bila injini na kutua kwa chuma cha kuteleza kilicho tumboni. Haikuwa na rada. Ilipigana mchana, ikilinda zaidi viwanda vya mafuta vya Leuna.

Kwa hiyo weka alama nyekundu kwa kila ripoti ya usiku iliyo kabla ya Novemba 1944, na kwa kila ripoti iliyo juu ya Bahari ya Kaskazini au Ufaransa, hata kama ni ya 1945. Me 262 ilikaa angani kama saa moja na ushei, na mafuta hayo yalipaswa kutosha kupaa, kutafuta, kupigana na kurudi. Weka alama ya kijani kwa ripoti za eneo la Berlin na Magdeburg, Januari hadi Aprili 1945, hasa kutoka kwa Mosquito. Kati ya 20 Februari na 27 Machi 1945 Mosquito zilipiga Berlin usiku 36 mfululizo, na humo ndimo ripoti za kweli zina nafasi kubwa zaidi. Kijani hapa ina maana ya "endelea kupima" tu.

Moto unaonekana upande gani

Wasomaji wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayokata mambo zaidi. Injini ya Jumo 004 ya Me 262 haikuacha mkia mrefu wa moto ilipokuwa inakwenda sawasawa. Kilichoonekana usiku ni wekundu ndani ya bomba la nyuma, na huo unaonekana kwa aliye nyuma ya jeti. Jeti inayokuja kukushambulia kutokea nyuma inakuonyesha pua. Mpiga bunduki wa mkia anayeona mwanga mkali ukimsogelea kutokea namba 6 hawezi kuwa anaona bomba la jeti. Lazima jeti iwe imempita, au imegeuka na kumpa mgongo.

Basi uliza: je, mwanga ulionekana kabla ya kupita au baada ya kupita? Ripoti inayosema hapakuwa na kitu, kisha kivuli kikapita, kisha nuru mbili nyekundu zikaonekana pamoja zikielekea mbele na kufifia, hiyo inastahili muda wako. Inayosema taa moja kubwa ilisogea kutoka nyuma ikiongezeka ukubwa, imeeleza kitu kingine. Me 262 ina injini mbili, moja kila bawa. Kwa mbali nuru mbili zinaungana, lakini mtu anayedai umbali wa mita 200 alipaswa kuona mbili.

Ndege za pangaboi nazo hutoa moto kwenye eksozi. Bf 110 na Ju 88 za usiku za Wajerumani zilifungwa vifuniko vya kuficha mwali, na kifuniko kikitoboka mwali unachungulia, wa bluu au wa chungwa. Mosquito za Uingereza za kundi la 100 Group, lililoundwa Novemba 1943, ziliruka katikati ya msafara wa mabomu zikiwawinda wawindaji. Ndege ya injini mbili, ya kasi, inayokufuata usiku bila kufyatua risasi inaweza kuwa ya upande wako mwenyewe.

Kasi bila umbali haina maana

"Ilipita kwa kasi ya ajabu." Sentensi hii imo karibu katika kila ripoti, na peke yake haithibitishi kitu. Jicho halipimi kilomita kwa saa, linapima digrii kwa sekunde. Kanuni ni hii: chukua tofauti ya kasi kwa mita kwa sekunde, gawa kwa umbali wa mita, zidisha kwa 57. Jibu ni digrii kwa sekunde pale kitu kinapopita ubavuni.

Lancaster inakwenda kilomita 350 kwa saa, yaani mita 97 kwa sekunde. Me 262 kwa 870 ni mita 242. Tofauti ni 145. Ikipita umbali wa mita 1,000, hesabu ni 145 ÷ 1,000 × 57, sawa na digrii 8 na kidogo kwa sekunde. Sasa chukua Ju 88 kwa kilomita 500, mita 139 kwa sekunde. Tofauti ni 42 tu. Ikipita umbali wa mita 290 jibu ni lilelile, digrii 8 na kidogo. Usiku, bila umbo la kupimia ukubwa, mtu hawezi kutofautisha nukta ya mwanga iliyo mita 290 na iliyo mita 1,000. Ndiyo sababu Ju 88 ya karibu imeandikwa jeti mara nyingi.

Umbali unaokubalika ni ule unaotokana na kitu kingine: rada ya Fishpond iliyoonyesha nukta chini ya ndege, taa ya msako iliyoangaza umbo zima, au mwanga uliopita mbele ya wingu ambalo kimo chake kinajulikana. Usipokuta kimojawapo, andika "umbali haujulikani" na uifute kasi yote iliyoandikwa.

Watuhumiwa wa kawaida

Zuhura ndiyo wa kwanza. Katika majira ya baridi ya 1944–45 ilikuwa nyota ya jioni, iking'aa sana upande wa magharibi. Tarehe 15 Aprili 1945 ilipita kati ya dunia na jua, kwa hiyo katika siku za karibu na tarehe hiyo haikuonekana. Ndege zinazorudi Uingereza mapema usiku zilikuwa zinaielekea. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho, msukosuko wa hewa huibadilisha rangi, nyekundu, kijani, nyeupe, ndani ya sekunde chache. Ikizama nyuma ya wingu, huzimika ghafla. Sayari ya Mshtarii (Jupita) nayo, katika miezi ya Februari na Machi 1945, ilichomoza mashariki jioni, nyuma ya mikia ya ndege zilezile.

Fungua Stellarium, programu inayoonyesha anga la tarehe yoyote, weka mahali (Berlin ni digrii 52.5 kaskazini, 13.4 mashariki), weka tarehe na saa ya GMT, uone kulikuwa na nini upande uliotajwa. Usisahau kimo. Kutoka mita 5,800 upeo wa macho unashuka digrii mbili na ushei chini ya mstari wa usawa, hivyo nyota huonekana kabla ya saa ya kuchomoza iliyoandikwa, na hata inaweza kuonekana iko sawa na ndege au chini yake kidogo.

V-1, bomu la Wajerumani lililoruka bila rubani, ni mtuhumiwa mzito. Ilitoa mwali mrefu mkiani, ilikwenda kilomita 640 kwa saa, kimo cha chini, kwa mstari ulionyooka. Kuanzia Julai 1944 hadi Januari 1945 Wajerumani walizirusha pia usiku kutoka kwenye ndege za He 111 juu ya Bahari ya Kaskazini. Mwanga ulioonekana chini sana, ukielekea magharibi, bila kupinda, baharini: andika V-1 na uendelee. V-2, roketi zao kubwa, zilirushwa zaidi kutoka eneo la The Hague, Septemba 1944 hadi Machi 1945. Mwanga wake unapanda, unaongeza kasi, na unakatika ghafla baada ya kama dakika moja.

Baada ya hizo kuna fleya za parachuti za Wajerumani, nyeupe au manjano, zilizodondoshwa kwa mistari kuangaza msafara; alama za shabaha za Waingereza, nyekundu, kijani na manjano; na ndege zinazoungua. Hili la mwisho ni zito. Wafanyakazi wengi waliamini kwamba Wajerumani walikuwa wakirusha mzinga maalumu wa kuigiza ndege inayolipuka, wakauita "scarecrow", yaani sanamu ya kutishia ndege shambani. Mzinga huo haukupatikana. Waliyoyaona yalikuwa ndege za wenzao zikilipuka na watu saba ndani. Kumbukumbu hiyo ikufanye uwe mwangalifu kabla ya kuandika "mwanga usio na maana".

Marubani wa Marekani wa skwadroni ya usiku ya 415, waliokuwa juu ya bonde la Rhine mwishoni mwa 1944, waliripoti taa zilizofuata ndege zao bila kushambulia, wakaziita "foo fighters". Ukikuta ripoti ya namna hiyo, ipime kwa safu zilezile, wala usiihamishie kwenye daftari la mambo ya ajabu.

Jicho lenyewe: zoezi la Raskazone

Kusoma kwamba jicho hudanganyika hakutoshi. Mpimaji inambidi aone lake likidanganyika. Zoezi linahitaji watu watatu, usiku wa giza (siku ambazo wavuvi wa dagaa hutoka, si za mbalamwezi), kurunzi iliyofungwa nailoni nyekundu, saa ya kupima sekunde, dira ya simu, na bomba la karatasi ya manila lenye urefu wa sentimita 30. Toa taarifa serikali ya mtaa, nendeni na mwenyeji, kaeni mbali na uzio wa bandari, wala msielekeze kamera huko. Fikeni, zimeni simu, mkae nusu saa bila mwanga wowote. Jicho huhitaji kama dakika 30 kuzoea giza, na kuangalia simu mara moja kunaharibu kazi yote.

Ngumi, mkono ukiwa umenyooshwa, ni digrii 10. Vidole vitatu vya kati ni 5. Kidole gumba ni 2.

Jaribio la kwanza. Chagueni nyota moja angavu iliyo peke yake. Itazame kupitia bomba, jicho limekaza, kwa dakika moja. Baada ya sekunde kama kumi hivi nyota huanza kuteleza, kupanda au kuzunguka. Ondoa bomba, itazame ikiwa kando ya kichwa cha mnazi: imesimama. Jicho linapokosa kitu kingine cha kushikilia, nukta ya mwanga huonekana inatembea. Watafiti wa tiba ya anga wa Marekani, Graybiel na Clark, waliandika juu ya hatari hii kwa marubani wa usiku mwaka 1945. Mpiga bunduki aliyekaza macho kwenye nukta moja katikati ya weusi alikuwa na hali hiyohiyo, akiongezewa uchovu na oksijeni haba.

Jaribio la pili. Chagueni taa tatu za wavuvi ghubani. Kila mtu aandike umbali wa kila taa kwenye karatasi yake bila kushauriana, pamoja na uelekeo wa dira na saa. Asubuhi nendeni Deep Sea au Sahare wakati wa kupokea samaki, muwaulize manahodha walikuwa wapi. Wenye simu zenye ramani watakuonyesheni. Taa kali ya LED mtaiweka karibu mno, na karabai hafifu mtaisukuma mbali. Mwangaza wa taa ndio unaoongoza makisio, umbali wenyewe hauonekani.

Kutoshauriana ni sharti. Ndani ya Lancaster watu saba walisemeshana kwa simu ya ndani. Mmoja akisema "jeti", wengine sita walitazama wakiwa na neno hilo masikioni. Ripoti yenye mashahidi saba waliosikilizana ihesabu kuwa ya shahidi mmoja, mpaka uone mwingine aliyeeleza kitu ambacho wa kwanza hakukitaja.

Jaribio la tatu. Subirini ndege ya abiria inayopita juu sana utosini. Inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa, kasi ya Me 262, ikiwa kilomita 10 au 11 juu. Pimeni sekunde inazochukua kupita ngumi moja. Mtapata saba au nane, yaani digrii 1.3 kwa sekunde. Kisha simameni kando ya barabara, mbali na lami mita kumi, bodaboda ipite kwa kilomita 60: karibu digrii 95 kwa sekunde. Baada ya hapo hamtaandika tena "kasi ya jeti" bila kuuliza umbali.

Mfano wa kupima

Ripoti hii tumeitunga kwa ajili ya mazoezi. Haimo kwenye jalada lolote. Katikati ya Februari 1945, saa 2040, Lancaster, futi 19,000, kusini-magharibi mwa Berlin, uelekeo 265. Mpiga bunduki wa mkia: mwanga mmoja wa chungwa, nyuma kushoto kidogo, juu yetu kidogo, ulitufuata dakika mbili. Tulipopinda kukwepa, ulirushwa pembeni kwa kasi kubwa, ukapotea winguni. Jeti.

Kalenda na ramani: kijani. Moto: mwanga mmoja, unatazama mbele, unatoka nyuma. Haufai kwa bomba la jeti. Muda: dakika mbili. Jeti katika mwendo wake wa kawaida inamfikia Lancaster kwa mita 145 kila sekunde, na katika dakika mbili ingekuwa imesogea zaidi ya kilomita 17. Haiwezi kukaa palepale mkiani isipokuwa rubani amepunguza mwendo kwa makusudi, na injini za Jumo zilichukia kuchezewa mkono wa mafuta, zilizimika. Mwendo: mwanga ulirushwa pembeni pale ndege yenyewe ilipopinda. Kitu kisichosogea kingefanya hivyohivyo.

Sasa anga. Uelekeo 265 maana yake mkia unatazama 085. Kwa saa za Uingereza za majira hayo, 2040 ni 1940 GMT. Mshtarii ulikuwa uelekeo wa digrii 90 na ushei, yaani nyuma, kushoto kidogo kwa ndege, kama digrii 7 juu ya usawa, katika utusitusi unaoutia rangi ya manjano na chungwa. Unaingia. Lakini fanya hesabu tena ukichukulia 2040 ni GMT: Mshtarii unapanda digrii tisa zaidi, unakuwa 16, na "juu yetu kidogo" inaanza kuwa na shida. Kwa hiyo uamuzi unategemea saa, na lazima urudi kwenye Fomu 541 kuihakikisha kabla ya kuandika lolote.

Upande wa Wajerumani

Ripoti chache zitavuka hatua zote. Hizo zilinganishe na madai ya marubani wa Ujerumani na orodha za ndege zilizopotea usiku huo. Tahadhari: madai ya Wajerumani yana udhaifu uleule. Welter alihesabiwa ushindi zaidi ya 20 kwa jeti, lakini sehemu ndogo tu inalingana na Mosquito zilizopotea kweli. Dai la saa 2105 na ripoti ya 2104 mahali pamoja ni jambo zuri. Dai bila ndege iliyopotea, pamoja na ripoti bila umbali, bado ni mambo mawili dhaifu yaliyosimama karibu.

Hukumu iandike kwa moja ya maneno manne: imekubalika, inawezekana, imekataliwa, haipimiki. La nne litajaa kurasa zako, na usione haya kulitumia. Ripoti isiyo na saa wala uelekeo haipimiki, hata ikiwa tamu kiasi gani. Chini ya kila hukumu andika hatua iliyoamua (kalenda, moto, umbali, anga) na kitu kimoja ambacho kikipatikana kitaibadilisha. Halafu mpe daftari mwenzako apime tena ripoti kumi bila kuona majibu yako. Mkitofautiana, anzeni kwa kukagua safu ya saa.